RUDISHENI JOTO, MSITURUDISHIE VUMBI

Ndugu wafanya kazi, na hasa ninyi wa Nyacheki na pande zote za Bobasi mnaoshika zamu katika viwanda vya chai,

Leo twaandika juu ya hewa. Habari za mshahara tumezisema mara nyingi, na tutazisema tena. Lakini mshahara mtu huupokea mara moja kwa mwezi, na hewa huivuta kila dakika ya zamu yake.

Neno limeenea viwandani: kuokoa joto. Kuni zimekuwa ghali, mashamba ya Gusii yamegawanyika hata yamekuwa vipande vidogo, na mkaratusi hauoti kwa siku moja. Sisi hatupingi kuokoa joto. Wenye hisa katika viwanda vya wakulima ni baba zetu na mama zetu. Kuni zikiteketezwa ovyo, bonasi yao ndiyo inayoungua. Basi asisimame mtu akasema kwamba chama kinapinga maendeleo. Tunalopinga ni kuokoa kuni kwa kutumia mapafu ya mfanya kazi.

Kila mtu wa kiwandani aelewe jambo lilivyo. Majani mabichi kilo 100 yana maji kilo 75 hadi 80. Chai ikitoka katika draya hubaki na maji sehemu 3 hivi katika 100. Maji hayo mengine yote hufukuzwa kwa joto, na joto lile hutoka nje pamoja na mvuke na kupotea juu ya paa. Mwenye akili akiona hivyo husema: joto hili nimelilipia, yafaa nilitumie mara ya pili. Maneno hayo ni ya haki.

Lakini kuna njia mbili za kulitumia, na hapo ndipo ugomvi wetu ulipo.

Njia ya kwanza ni ya mvivu. Funga madirisha, ziba matundu, izungushe hewa ile ile ndani ya jengo. Joto linabaki, na gharama ni bure. Lakini vumbi nalo linabaki. Katika chumba cha kuchambulia chai, vumbi na nyuzinyuzi huruka tangu zamu ianze hata iishe, na wanaolivuta ni wale wanaosimama pale. Huu si uvumi wa vibarua. Mwaka 1970 Daktari Uragoda wa Ceylon, nchi inayoitwa leo Sri Lanka, aliandika juu ya pumu ya watengenezaji wa chai. Zaidi ya miaka hamsini imepita, na bado tunaambiwa kwamba kikohozi ni baridi ya milimani tu!

Wakubwa hujibu kwamba madirisha ya chumba kile hayana budi kufungwa, kwa kuwa chai kavu hunyonya unyevu na kuharibika. Ni kweli. Mvua ya Kisii twaijua. Lakini ukweli huo usitumiwe kufunga mjadala pamoja na madirisha, kwa sababu njia ya pili ipo.

Njia ya pili ni mtambo wa kubadilisha hewa unaorudisha joto. Msitishwe na jina lake. Mfano wake mnao tayari kiwandani. Tazameni rejeta ya draya: mvuke wa boila hupita ndani ya mabomba, feni husukuma hewa nje ya mabomba, hewa hupata moto, wala mvuke haugusi chai. Mtambo huu ni vivyo hivyo. Feni moja hutoa hewa chafu yenye joto, ya pili huingiza hewa safi ya baridi. Zote mbili hupita kati ya mabati membamba, kila moja katika njia yake. Joto huvuka bati, vumbi halivuki. Tena hewa safi ikipashwa moto, unyevu wake hupungua nguvu, hivyo chai haipati madhara. Mtu anapumua, chai inabaki kavu, na kuni zinapungua. Vumbi lenyewe nalo livutwe pale pale linapotoka, kwenye mashine, kabla halijaenea chumbani.

Nchi za baridi zimekwisha kupita njia hii. Mafuta yalipopanda bei mwaka 1973, watu wengi huko waliziba nyumba zao barabara ili joto lisitoke, na nyumba nyingine zikajaa unyevu na kuvu. Mwaka 1977 ikajengwa nyumba ya mfano mjini Regina, Canada. Ilizibwa kabisa, lakini ikawekewa mtambo wa namna hii wa kuingiza hewa safi. Walijua kwamba atakayeziba dirisha hana budi kufungua mlango mwingine wa hewa.

Sasa ndugu, sikilizeni neno kubwa kuliko yote. Kununua mtambo si kazi. Kazi ni kuutunza. Usipoziba ufa utajenga ukuta. Chujio likijaa vumbi la chai, feni ya kutoa hewa hushindwa, ile ya kuingiza huendelea, na vumbi husukumwa kwa watu wa chumba cha pili. Bati likitoboka, hewa chafu yaweza kurudi kwa mlango wa nyuma. Mfereji wa maji ukiziba, uchafu huoza ndani. Nyuzinyuzi kavu zikilundikana karibu na mota yenye moto, ni kuni zinazongoja kiberiti. Mtambo uliokufa ndani ya chumba kilichozibwa ni mbaya kuliko kutokuwa na mtambo, maana dirisha nalo limekwisha fungwa.

Nani atausafisha? Twajua jibu la kawaida: kibarua wa siku moja, apewe ufagio na kitambaa cha kufunga pua, apande juu huku mkanda wa feni unazunguka. Twasema hapana! Kazi hii ina fundi wake na ina mshahara wake.

Kwa hiyo twadai mambo haya kwa kila kiwanda, bila kuchagua:

1. Pasizibwe dirisha wala tundu lolote kabla hewa safi haijapata njia nyingine, na njia hiyo ipimwe mbele ya wajumbe wa wafanya kazi.

2. Wafundishwe mafundi kutoka miongoni mwetu, wake kwa waume, na walipwe kama mafundi.

3. Machujio, mikanda, beringi na mifereji ikaguliwe kwa zamu maalum. Daftari la ukaguzi liwekwe mahali ambapo kila mtu aweza kulisoma.

4. Asiguse mtu feni kabla umeme haujakatwa na swichi kufungwa kwa kufuli, na ufunguo awe nao yule anayefanya kazi.

5. Wafanya kazi wa vumbini wapimwe mapafu kwa gharama ya kiwanda.

Hatuombi sadaka. Sheria ya Usalama na Afya Kazini ya mwaka 2007 yadai hewa safi ya kutosha mahali pa kazi. Yadai pia kamati ya usalama penye watu 20 au zaidi, na wafanya kazi wawe na wajumbe wao ndani yake. Yamlinda mtu anayeondoka mahali penye hatari kubwa iliyo karibu, asifukuzwe kwa ajili hiyo. Katiba ya 2010, kifungu cha 41, yampa kila mfanya kazi haki ya mazingira ya kazi yanayofaa, na haki ya kuwa katika chama.

Basi ulizeni katika kiwanda chenu: kamati ipo? Wajumbe wetu ni nani? Walikutana lini? Mkikosa jibu, leteni habari kwa mwakilishi wa chama kabla ya mkutano ujao. Asiende mtu peke yake ofisini. Kidole kimoja hakivunji chawa.

Joto ni mali ya kiwanda, na lirudi kiwandani. Mapafu ni mali yetu.

Umoja ni nguvu.