Valsi Haikuzaliwa Katika Jumba la Mfalme

Wako watu wasemao ya kuwa dansi iitwayo valsi ni ya wakuu tangu asili yake, na ya kuwa ngoma za wakulima ni ushenzi mtupu. Neno hili si kweli.

Valsi ilitoka vijijini, kwa wakulima wa Austria na wa kusini mwa Ujerumani, katika karne ya 18. Mapigo yake ni matatu, la kwanza ndilo zito. Mume na mke hushikana, huzunguka pamoja. Wakuu walizoea minueti, ambayo wachezaji hugusana mikono tu. Basi walipoona mwanamke ameshikwa kiunoni, wengi walichukizwa. Mwaka 1816 gazeti la The Times la London liliikemea kuwa ni dansi ya kigeni isiyo na adabu. Lakini Johann Strauss mwana alipotoa valsi yake ya mto Danube huko Vienna, mwaka 1867, dansi hiyo ilikuwa imekwisha kuingia majumba ya wafalme. Mapigo yalikuwa yale yale matatu. Yaliyogeuka ni macho ya watazamaji.

Basi, ndugu msomaji, ukihukumu ngoma, pima mwenendo wa wachezaji, usipime cheo chao. Aidharauye ngoma kwa kuwa ni ya wakulima, na aidharau valsi pia.