KUFORMATA SI DAWA YA KILA UGONJWA



Tangu Microsoft ilipoacha kuihudumia Windows 10, tarehe 14 mwezi wa 10, 2025, mashini nyingi zimehamishwa kwenye Windows 11: za sekretariati, za walimu, za wazazi, na zile za maduka ya fotokopi. Kuhama si kubaya. Sistemu isiyopata tena marekebisho ya usalama ni kama nyumba ambayo wezi wote wanajua kufuli yake. Lakini tangu kuhama huko tunasikia malalamiko ya namna moja: «Mashini ilikuwa inatumika vizuri, sasa inazima yenyewe.» «Inaandika maneno kwa ekrani, kisha inaanza tena.» Na jibu la mafundi wengi ni moja vilevile: «Lete, niiformate.»

Mimi nasema hapana. Kuformata mbele ya kutafuta sababu ni kama muganga anayekata mguu kwa kuwa amesikia tu kwamba unauma. Na hapa shuleni hilo si jambo la kuchekesha. Ndani ya diski kuko pointi zetu, majina ya wale wanaoandikishwa kwa Ekzetati, na hesabu ya minervali. Diski ikifutwa bila nakala, mwanafunzi aliyelipa ataambiwa hakulipa, na aliyepata 68 ataombwa alete karatasi zake za mtihani. Nani ameziweka zote?

JUU YA NINI MASHINI INAANGUKA KISHA KUBADILISHA SISTEMU?

Wengine wanasema ni virusi, wengine wanasema Windows mpya ni mbaya, na wengine wanasema mashini imerogwa. Tuache hayo, tuangalie namna kazi inavyofanyika.

Windows haisemi yenyewe na kila kipande cha mashini. Katikati yake na karata ya picha, printa, Wi-Fi au diski kuko programu ndogo zinazoitwa piloti. Hizo ni wakalimani. Sistemu ikibadilika, mkalimani wa zamani anaweza kukosa kuelewa lugha mpya, na kwa kuwa piloti nyingi zinafanya kazi ndani kabisa ya moyo wa sistemu, kosa lao moja linaangusha mashini nzima.

Hii si mawazo yangu tu. Windows Vista ilitolewa kwa watu wote tarehe 30 mwezi wa 1, 2007, na watu wengi waliitukana kwa maanguko yake. Mwaka wa 2008, karatasi zilizoonekana katika kesi moja huko Marekani zilileta hesabu ya Microsoft yenyewe: katika maanguko iliyoyahesabu mwaka wa 2007, karibu 29 kwa mia yalitoka kwa piloti za NVIDIA, kampuni inayotengeneza karata za picha. Yale ya Microsoft yenyewe yalikuwa karibu 18 kwa mia. Watu walikuwa wanapiga mlango mmoja, kumbe mwenye deni kubwa anakaa nyumba ya pili.

Angalia tena mwaka wa 2024. Mwezi wa 10, Windows 11 ya namba 24H2 ilipotoka, watu wenye diski fulani za Western Digital, kama SN770 na SN580 za terabaiti 2, waliona mashini zao zikianguka mara na mara. Sababu? Diski hizo zinaazima sehemu ya memori ya mashini. Windows ya mbele ilikuwa inawapa megabaiti 64, hii mpya ikawapa 200, na programu ya ndani ya diski haikuweza kuipokea sawasawa. Dawa ilikuwa programu mpya ya diski kutoka kwa kampuni iliyoitengeneza. Mtu aliyeformata na kurudisha 24H2 ile ile juu ya diski ile ile angepata nini? Kuanguka kule kule, na vitabu vyake vyote vimepotea.

Kuko pia sababu zinazotoka kwetu wenyewe. Windows 11 inaomba memori ya gigabaiti 4 kwa uchache, nafasi ya gigabaiti 64, kipande cha usalama kinachoitwa TPM 2.0, na prosesa isiyo ya zamani sana: kwa Intel, kwa kawaida kuanzia kizazi cha 8. Mafundi wengine wanajua njia ya kuruka masharti hayo, wanaingiza Windows 11 kwa mashini nzee, wanapokea feza, wanaenda. Microsoft imesema wazi kwamba mashini ya namna hiyo haina hakika ya kupata marekebisho. Mwenye kuumia ni mwenye mashini.

TUFANYE NAMNA GANI?

Mimi naona njia yenye kufaa ni hii, hatua kwa hatua.

Ya kwanza, okoa vitabu mbele ya yote. Nakili kila kitu kwa fleshi au kwa diski ya inje. Kama Windows haifunguki vizuri, jaribu kuifungua katika «mode sans échec». Ikikataa, fundi anaweza kutoa diski na kuisoma kwa mashini ingine. Fundi asiyekuuliza juu ya nakala, usimpe mashini.

Ya pili, soma ekrani. Miaka mingi ilikuwa ya bluu. Tangu 2025 Windows 11 mpya inaonyesha nyeusi. Usiogope rangi, piga picha kwa telefone. Yale maneno ni jina la ugonjwa. DRIVER_IRQL_NOT_LESS_OR_EQUAL kwa kawaida inakupeleka kwa piloti. MEMORY_MANAGEMENT inakuambia upime memori. WHEA_UNCORRECTABLE_ERROR inaonyesha vyuma vyenyewe: prosesa, memori, joto, umeme. Kama mashini imeanza tena haraka na hukusoma, andika «fiabilité» katika nafasi ya kutafuta: Windows itakuonyesha siku kwa siku nini kilianguka.

Ya tatu, jiulize nini kilibadilika. Toa printa na vitu vyote vya USB. Toa antivirusi ya zamani iliyohama pamoja na sistemu. Tumia mashini katika «mode sans échec», sababu pale Windows inafungua na piloti chache tu. Ikitulia pale na kuanguka inje ya pale, basi vyuma pengine ni vizima, na kosa ni la piloti au la programu.

Ya ine, tafuta piloti mpya kwa kampuni iliyotengeneza mashini, si kwa kila mahali panapoandikwa «bure». Kuko pia programu ya BIOS ya kurekebisha. Lakini kwa hiyo, angalisho! Umeme ukikatika katikati ya kazi hiyo, mashini inaweza kukataa kabisa kuwaka. Katika inchi yetu, usiiguse bila batri iliyojaa na umeme wa hakika.

Ya tano, pima vyuma. «Diagnostic de mémoire Windows» inapima memori bila feza. Amri sfc /scannow inatazama kama vitabu vya Windows vimeharibika. Fungua mashini, ondoa vumbi, angalia kama vantilateri inazunguka. Na kama katika historia unaona Kernel-Power 41, usiseme umepata ugonjwa: inasema tu kwamba mashini ilizimika bila kufungwa sawasawa. Hapa kwetu, ambapo umeme unapanda na kushuka, anzia kwa prize na stabilizateri.

Ya sita, ukiona yote yameshindikana, rudi nyuma. Kisha kuhama, Windows 11 inakupa siku 10 za kurudi kwenye sistemu ya mbele, katika «Paramètres», «Système», «Récupération». Vitabu vyako vinabaki. Lakini aliyeformata amefunga mlango huo kwa mkono wake.

WATAKAOPINGA

Najua watasema: «Kuformata ni haraka, saa mbili tu, na mashini inarudi kama mpya.» Ndiyo, kuko siku inapofaa. Kama virusi imeshika kila mahali, au kama vitabu vya Windows vimeharibika kabisa, ni lazima. Na kama umeformata, ukaweka sistemu safi, na mashini ingali inaanguka, umejifunza kitu: ugonjwa pengine uko ndani ya vyuma. Sisemi kuformata ni zambi. Nasema kuwe dawa ya mwisho, kisha nakala, si dawa ya kwanza.

Wengine watasema: «Fundi naye anapaswa kula.» Kweli, ale. Lakini tumlipe kwa sababu ametafuta na amepata, kama tunavyomlipa muganga aliyepima damu. Mwaka wa 2024, tarehe 19 mwezi wa 7, kitabu kimoja kibaya cha kampuni ya usalama CrowdStrike kiliangusha mashini karibu milioni 8 na nusu ulimwenguni; ndege zilikaa chini, hospitali zilisimamisha kazi. Dawa ya mashini nyingi ilikuwa kufungua kwa «mode sans échec» na kufuta kile kitabu kimoja. Kimoja tu! Wazia kama wangefuta mashini zote.

TUNACHOOMBA

Kwa heshima yote, tunaomba wakubwa wetu mambo ine. Kila mashini ya shule iwe na daftari pembeni, ambamo wataandika tarehe, maneno ya ekrani, na kilichofanywa. Nakala ya pointi iwekwe mahali pawili, na moja iwe inje ya ofisi ile. Mashini moja ihamishwe kwanza, itumike majuma mawili, kisha zingine zifuate. Na asihamishe mtu sistemu katika juma la mitihani.

Kwa mashini zisizofikia masharti, tusizilazimishe. Kwa shule zenye mkataba wa masomo nayo, Microsoft ilitangaza kuendelea kutoa marekebisho ya usalama ya Windows 10 kwa dola 1 kila mashini mwaka wa kwanza, 2 mwaka wa pili, 4 mwaka wa tatu. Kuko pia Linux, ambayo haiombi feza na inakubali mashini nyingi za zamani.

Haraka haraka haina baraka. Mashini haituchukii, inasema kwa lugha yake, na maneno yake yako pale kwa ekrani. Tuyasome mbele ya kuifuta.

Ni hayo tu. Mwenye wazo lingine aandike, bulteni hii ni yetu wote.

Mwanafunzi wa mwaka wa 6, Commerciale et Gestion