Mahari Yako, Simu Yako: Nani Kasema Viwanja ni vya Wanaume?

Leo tutasema, na atakayekasirika na akasirike.

Tumechoka kuambiwa kwamba kutafuta nyumba na viwanja ni kazi ya wanaume. Mahari ni mali ya bi harusi mwenyewe, Suratun-Nisaa aya ya 4 imeshamaliza maneno hayo. Si ya baba, si ya mjomba, wala si ya mume. Lakini tazameni inakokwenda: ukumbi, mapambo, sare ya kuvaliwa usiku mmoja, na dhahabu ambayo mwaka haujesha iko kwa sonara inauzwa kwa hasara. Mwenyewe yumo nyumba ya kupanga, kodi ya miezi sita kailipa mbele.

Wanaotukataza wana hoja mbili. Ya kwanza, ati mwanamke wa heshima hazunguki na madalali. Na nani kasema azunguke? Matangazo ya bure yamejaa Facebook, Jiji na kwenye makundi ya WhatsApp, unayasoma huku wali uko jikoni. Kiwanja kimoja cha Fuoni utakikuta kimetangazwa na madalali watano kwa bei tano. Wengine huona vurugu, sisi tunaona ngazi: mwenye bei ya chini mara nyingi ndiye aliye karibu zaidi na mwenye mali. Tangazo lililokaa miezi minne bila mnunuzi, hapo kuna mtu wa kuzungumza naye bei. Picha mbaya, maelezo mafupi, hakuna maua wala muziki? Mara nyingi ni mwenye mali mwenyewe, hajui kupamba. Na wewe pia waweza kutangaza bure kwamba unatafuta, ukasema mtaa na kiwango chako, watu wakakufuata.

Kisha piga hesabu. Nyumba ya milioni 60 inayopangishwa laki 3 kwa mwezi inakupa milioni 3 na laki 6 kwa mwaka, yaani asilimia 6, kabla ya bati kuvuja. Hesabu hiyo dalali hatakufanyia.

Hoja ya pili, ati mtandaoni kuna matapeli. Wapo, hatufichi. Mwenzetu mmoja alituma arabuni ya laki 5 kwa kiwanja cha Tunguu, kwa sababu aliambiwa kuna mteja mwengine yuko njiani. Alipokwenda kwa sheha akakuta ni mali ya urithi, warithi saba, na wawili hawana habari kuwa kinauzwa. Laki 5 haikurudi mpaka leo. Lakini tuseme ukweli: hakuponzwa na tangazo, kaponzwa na haraka. Kiwanja hicho hicho angeuziwa barazani, mbele ya kahawa, na mwanamme mwenye kanzu.

Basi tuwe wakali kwenye hili. Hakuna kutuma hata shilingi kabla ya kuliona eneo na kuonana na sheha na majirani. Jirani mmoja bibi kizee anajua kuliko karatasi kumi. Zanzibar ardhi yote ni ya umma kwa Sheria ya mwaka 1992, unachonunua ni haki ya matumizi, kwa hiyo uliza anayo karatasi gani. Eka walizopewa wananchi baada ya Mapinduzi ya 1964 zina masharti yake. Mali ya wakfu haiuzwi kabisa. Uhamisho una bodi yake, na jina litakaloandikwa liwe lako, si la kaka "kwa urahisi". Tumeona urahisi huo ulivyomaliza udugu. Aya ya 282 ya Suratul-Baqara, ndefu kuliko zote katika Qur'ani, inahusu kuandikiana na mashahidi, na sisi bado tunauziana kwa "tunaaminiana shoga".

Wanaouza kwa mafungu nao, someni mkataba mpaka chini. Bei ya mafungu ni sawa, lakini ukichelewa wakikuongezea asilimia, hiyo ni riba hata ikiitwa faini.

Jumamosi tunakwenda wanne Bububu kuangalia nyumba ya vyumba vitatu. Tangazo lake lipo tangu Mfunguo Tatu, na bei imeshashuka mara mbili. Tunakwenda na fundi wetu wa kuangalia msingi. Anayetaka kufuatana nasi atwambie kabla ya Ijumaa, gari ina nafasi moja.