Mizani Nane za Mitoma

Wapo washairi wanaolalamika kwamba mtandao umeua tungo. Watu, wanasema, hawataki tena maneno. Wanataka picha tu. Mimi sikubaliani nao, na shahidi wangu ni mwanasoka wa Japani, Kaoru Mitoma.

Tarehe 1 Desemba 2022, nchini Qatar, Japani ilicheza na Hispania katika Kombe la Dunia. Wakiwa sare 1-1, Mitoma aliuwahi mpira uliokuwa ukitoka nje, akaurudisha mbele ya lango, na Ao Tanaka akafunga. Machoni pa wengi mpira ulikwisha kutoka. Waamuzi wa video waliona vingine: ukitazamwa kutoka juu, ubavu wa mpira ulikuwa bado umeufunika ukingo wa mstari, na sheria inataka mpira wote uvuke mstari wote. Japani ikashinda 2-1. Ujerumani, ijapokuwa ilishinda mechi yake usiku huohuo, ikafungasha virago.

Picha ya mpira ule ilienea duniani kote. Lakini Wajapani hawakuiacha bubu; waliipa jina, *Mitoma no ichi miri*, yaani milimita moja ya Mitoma. Hebu tuhesabu: mi-to-ma-no-i-chi-mi-ri. Mizani nane, silabi zote wazi kama zetu! Ni ukwapi kamili unaosubiri utao wake. Sidai kwamba waliolitamka kwanza walikuwa wakipima mizani. Nadai kwamba neno jepesi kinywani husafiri mbali, na hukaa baada ya picha kusahauliwa.

Mitoma ana mengine ya kusifiwa. Alisoma Chuo Kikuu cha Tsukuba kabla ya kuingia soka la kulipwa, na tasnifu yake ilihusu ufundi wa kupiga chenga. Februari 2025, akiichezea Brighton, aliutuliza mpira mrefu kutoka kwa kipa wake kwa mguso mmoja, akawafunga Chelsea. Video yake nayo ikazagaa. Hata hivyo, ni ile milimita iliyogeuka msemo. Msemo nao una dhuluma yake: Tanaka, mfungaji wa bao, hatajwi ndani yake. Ufupi hubeba kimoja na kuacha kingine, na mtunzi hana budi kujua anachokiacha.

Je, sisi? Mashabiki wetu huisambaza picha ya namna hiyo kwa maneno ya kuazima, au kwa vikatuni vya kucheka, ilhali Kiswahili kilikuwa na jibu mdomoni: *Milimita ya Mitoma*. Mizani nane vilevile, na mi- ikirudi kama pigo la ngoma. Washairi tukisusa kuyapa majina yanayoshangiliwa na umma, wengine watatupa majina yao, na lugha yetu itabaki jukwaani ikitazama.

Basi ukwapi huo hapo. Utao nawaachia nyinyi, malenga.