Simu yako inafungua video kwa nguvu gani?

Mteja akiingia katika duka la simu Lubumbashi, Bunia ao Butembo, maswali yake ni yaleyale: kamera ina megapikseli ngapi, kumbukumbu ni giga ngapi, batri ni kubwa kiasi gani. Muuzaji anajibu haraka, kwa sababu namba hizo zimeandikwa kwenye katoni. Ni nadra sana kusikia mtu akiuliza simu hiyo inafungua video za aina gani bila kujichosha. Katika inchi ambamo karibu mtu mmoja tu kati ya watano ana umeme, naona swali hilo lingetangulia yote.

Video haifiki katika simu ikiwa nzima. Inabanwa ili iweze kupita kwenye mtandao, kisha simu inaifungua tena, picha moja baada ya nyingine. Video ya 720p ina pikseli zaidi ya 900,000 katika kila picha, na mara nyingi picha 30 zinapita kila sekunde. Hizo ni pikseli zaidi ya milioni 27 kwa sekunde moja. Kuna njia mbili za kufanya kazi hiyo. Ya kwanza ni kuiachia sehemu maalumu ndani ya chipu, iliyotengenezwa kwa kufungua video tu. Hiyo ndiyo kiharakishi cha video. Ya pili ni kumbebesha prosesa, ambaye tayari ana kazi nyingine zote za simu. Ni kama sombe: unaweza kuipeleka kwenye mashine ao kuitwanga kwenye kinu. Zote zitaiva, lakini mkono utajua tofauti. Simu inayotwanga inapata moto, batri inashuka mbio, na video ikiwa nzito, picha zinaanza kukatikakatika.

Shida ni kwamba kila mashine inajua kusaga kitu chake. Kuna namna mbalimbali za kubana video, na kiharakishi kinafungua zile tu kilizotengenezewa. H.264, iliyotoka mwaka 2003, inafunguliwa na karibu kila simu janja iliyo sokoni. VP9 na H.265 zilifuata mwaka 2013. Kisha mwaka 2018 ikaja AV1, kazi ya muungano wa makampuni kama Google, Netflix, Amazon na Mozilla. AV1 haina malipo ya haki za matumizi, na inabana zaidi. Netflix ilipoanza kuitumia kwenye simu za Android mwaka 2020, ilisema inabana kwa asilimia 20 zaidi kuliko VP9. Kwa mtu anayenunua mega kidogokidogo, hiyo ni habari njema kabisa.

Lakini nani ana mashine ya kuisaga? MediaTek ilitangaza chipu yake ya kwanza ya simu yenye kiharakishi cha AV1 mwaka 2019, ile Dimensity 1000. Apple ilikiweka kwa mara ya kwanza katika iPhone 15 Pro, mwaka 2023. Hizo ni simu za bei kubwa. Simu nyingi za bei nafuu zinazouzwa kwetu zina chipu za ngazi ya chini zinazojua H.264, na nyingine VP9 na H.265, basi.

Mtu atasema: mbona video bado zinacheza? Zinacheza kwa sababu watu wa VideoLAN, walewale wa VLC, waliandika dav1d, programu huru inayofungua AV1 kwa kutumia prosesa peke yake. Imeandikwa kwa ustadi mkubwa, na mwaka 2024 Google iliifikisha katika simu za Android. Siwalaumu, bila wao wengi wangebaki na kioo cheusi. Ila kinu kikiwa kizuri namna gani, bado ni kinu. Na mtazamaji hapati ishara yoyote kwamba simu yake inatwanga. Anaona batri imekwisha saa kumi alasiri, anailaumu batri, anakwenda kutoa franka kwenye kibanda cha kuchaji.

Hapo ndipo ninapoona uonevu. Kampuni inayotuma video iliyobanwa zaidi inapunguza gharama zake za mtandao. Mtazamaji naye anaokoa mega, ni kweli. Lakini kama simu yake haina kiharakishi kinachofaa, sehemu ya akiba hiyo inalipwa na batri. Mwenye paneli ya jua nyumbani anaweza kufurahia biashara hiyo. Yule anayechaji kwa kulipa, ao anayesubiri SNEL irudishe umeme usiku, pengine angechagua kupoteza mega kidogo na kubaki na simu hewani, hasa mahali ambapo simu ndiyo inayoleta habari kwamba barabara imefungwa ao watu wanakimbia. Uchaguzi ungekuwa wake, kama angejua kwamba upo.

Serikali haiwezi kusema kwamba haijui kilicho katika mifuko yetu. Kuanzia mwaka 2020 yuniti zetu zilikatwa kwa jina la RAM (si ile kumbukumbu ya simu, bali rejista ya vifaa vya mkononi) mpaka ilipofutwa mwaka 2022. Kama iliwezekana kutambua kila simu ili kuitoza, ARPTC inaweza kudai jambo dogo zaidi: kwenye katoni iandikwe, kwa lugha ambayo mnunuzi anaielewa, video zipi zinafunguliwa na chipu na zipi zinamwangukia prosesa.

Vyombo vya habari havihitaji kungoja amri. Video ya habari ya dakika mbili ipatikane pia kwa H.264, kwa 480p. Pikseli zake hazifiki hata nusu ya zile za 720p, na uso wa msemaji unaonekana vizuri. Kutuma 1080p kwa simu ambayo kioo chenyewe ni cha 720p ni kumtwisha mtu mzigo ambao hatauona.

Na kwa aliye na simu tayari: katika MX Player, herufi HW maana yake kiharakishi kinafanya kazi, SW maana yake prosesa ndiye anayetwanga. Katika VLC, sehemu hiyo iko kwenye mipangilio. Wengi walikizima siku moja kwa sababu faili fulani ilionyesha rangi ya kijani, jambo linalotokea kweli kwa chipu fulani, kisha hawakukirudisha tena. Kirudishe, na ukizime kwa faili hiyo tu. Kwa anayekwenda kununua, aombe jina la chipu kabla ya kutoa pesa na alitafute kwenye intaneti palepale dukani. Kisha acheze video dakika kumi na kushika mgongo wa simu kwa kiganja.