Barua ya Wazi kwa Waziri wa Afya: Mafua ya Mzio na Biashara ya Chembe za Kinga

Mheshimiwa Waziri,

Naomba kukuarifu jambo ambalo kwa wengi ni dogo, lakini kwa alipataye ni adha ya kutwa kucha, nalo ni mafua ya mzio. Katika pwani yetu yenye unyevu, ambako vidudu vya vumbi visivyoonekana kwa macho hustawi ndani ya magodoro na mito, aghalabu utamwona mtoto akijisugua pua kwa kiganja kuelekea juu, tena na tena, hata ikamfanyika alama ya mstari uliokatiza pua. Na mzazi wake hana ila kumnunulia dawa ya Piriton, imtulizayo kwa saa chache na kumsinzisha darasani.

Sasa kutoka ng'ambo zatufikia sifa za tiba ya mzio ambayo mgonjwa hutolewa damu, chembe zake za kinga zikakuzwa maabara, kisha akarudishiwa. Asili ya dhana hiyo ni elimu ya kweli, kwani mwaka 1995 Shimon Sakaguchi wa Japani alibainisha chembe ambazo kazi yake ni kuituliza kinga ya mwili isighadhibike pasipo adui, na mwaka 2025 yeye, Mary Brunkow na Fred Ramsdell wakatunukiwa Tuzo ya Nobel. Lakini kwa mzio wa pua jambo hili lingali katika majaribio, na aliuzaye leo auza tumaini.

Ilhali iko tiba izifunzayo chembe hizo zikiwa mwilini mwenyewe. Mwaka 1911, katika hospitali ya St Mary's, London, tabibu Leonard Noon alieleza jinsi alivyowadunga wagonjwa maji ya chavua ya nyasi, kwa kipimo kidogo mno kilichoongezwa hatua kwa hatua, hata miili yao ikaivumilia. Njia hiyo yatumika hadi leo, kwa sindano au kwa vidonge vya chini ya ulimi, na ikishikwa kwa miaka 3 hivi, nafuu yake aghalabu hudumu hata baada ya dawa kukoma.

Kwa hiyo nakusihi hospitali za rufaa zipatiwe vifaa vya kupima mzio kwenye ngozi. Matabibu wafunzwe tiba hii pamoja na hadhari zake, mgonjwa asiondoke kabla ya nusu saa tangu kudungwa, na adrenalini iwe karibu. Tena asipewe kibali yeyote kuuza chembe za kinga kwa maradhi haya mpaka zithibitike. Si insafu raia auziwe kwa ghali lisilothibitika, na lililothibitika, lililotumika kwa zaidi ya karne, asilipate.

Wako mtiifu,
Mwananchi, Tanga