Jiografia ya Mwabungo Haimo Vitabuni

Kizazi cha Wakenya kilicholelewa katika mfumo wa 8-4-4 kinaijua Denmark vizuri. Kinaweza kueleza ufugaji wa ng'ombe wa maziwa wa huko, namna Waholanzi walivyoinyang'anya bahari mashamba, na namna Wajapani wanavyovua samaki. Mtoto wa Mwabungo naye alifundishwa hayo, akatahiniwa, akafaulu. Sikumbuki mtihani uliomuuliza kwa nini siku fulani mamake huwahi baharini na siku nyingine haendi kabisa. Ninadai katika makala haya kwamba lawama si ya walimu wa Jiografia peke yao. Ni yetu pia, sisi wanafunzi wa fasihi ya Kiswahili.

Mwabungo ni kijiji kilicho kusini mwa Ukunda, jirani na Kinondo, kati ya barabara kuu iendayo Lunga Lunga na Bahari ya Hindi. Kwenye ramani ni ukanda mwembamba tu. Anayeishi hapo huona zaidi: magharibi, kwa mbali, vilima vya Shimba, kisha mashamba ya mihogo, miembe na minazi, kisha ardhi ya matumbawe ya kale ambayo jembe huiingia kwa shida, kisha mchanga mweupe, maji ya kina kifupi, na mwisho mwamba unaoyavunja mawimbi ya bahari kuu.

Kalenda ya hapo haitundikwi ukutani. Mwezi unapoandama na unapokuwa mpevu huwa ni bamvua: tofauti ya maji kujaa na kupwa hupita mita 3, na katika pwani yetu maji hupwa kabisa karibu na saa nne asubuhi. Hiyo ndiyo saa ya kuuendea mwamba kwa miguu kutafuta pweza. Wiki moja baadaye ni maji mafu. Saa nne ile ile maji yamejaa, na mwamba haufikiki. Ongeza kusi, inayoichafua bahari tangu Aprili hadi karibu na Oktoba na kuwazuia wenye vyombo vidogo, kisha kaskazi inayoituliza, nawe utaelewa kwa nini mwenye duka mwenye busara hamdai mvuvi katikati ya kusi. Kamusi itakupa maana ya bamvua na ya maji mafu. Mpangilio huu wa maisha huukuti humo.

Najua litakalosemwa: hicho ni Chidigo, si Kiswahili. Pingamizi hili halina miguu. Mwendo mfupi kusini, tangu Gazi, kuna Chifundi, na mbele yake, Wasini na Vanga, Kivumba. Lahaja ambazo Lambert alizichapishia vitabu mwaka 1957 na 1958. Chidigo chenyewe kilipata kamusi mwaka 2004, iitwayo Mgombato, yenye fasiri za Kiingereza na Kiswahili. (Kwa Mdigo kugomba ni kusema tu, Mswahili asikimbie akidhani anakaripiwa.) Lugha hizi zimeazimana maneno kwa karne nyingi, na kuyatenga ni kazi bure.

Kinachonitia wasiwasi ni jambo jingine. Katiba ya mwaka 2010, ibara ya 62, imeifanya ardhi yote iliyo kati ya alama ya maji kujaa na ile ya maji kupwa kuwa ardhi ya umma. Vema. Lakini mwamba haufikiwi kwa kupaa. Hufikiwa kwa vijia vinavyopita kati ya viwanja vya ufuoni, na kila ukuta mpya wa nyumba ya likizo unapoinuka, kijia kimoja huenda kikazibwa. Mwanamke aliyezoea kufika kwa dakika chache hulazimika kuzunguka, na bamvua halimngojei. Akiacha kwenda, binti yake naye hatakwenda, na binti huyo hatakuwa na haja ya kuyajua majina ya mashimo na mikondo ya mwambani. Hayo yakitokea, sisi tutakuwa tukihudhuria kongamano la ukuzaji wa Kiswahili.

Mwaka 2008 Kaya Kinondo iliingia katika orodha ya Urithi wa Dunia ya UNESCO pamoja na kaya nyingine za Wamijikenda. Msitu una orodha yake. Majina ya mwamba ulio jirani hayana. Kezilahabi alikiweka kijiji cha Namagondo, Ukerewe, katika Rosa Mistika mwaka 1971, na tangu hapo hakuna msomi wa riwaya anayeuliza Namagondo ni wapi. Pwani ya kusini ya Kenya bado inamsubiri mtu wake.

Wakati tukimngojea, utafiti wetu wa nyanjani usiishie kwenye ngano na methali. Tuandamane na wavuvi na wanawake wa pweza, turekodi jina la kila shimo, kila mkondo, na kila mti ambao nahodha huulinganisha na kilima ili ajue yuko wapi. Hiyo ni kazi ya tasnifu nzima ya uzamili, wala haihitaji fedha nyingi: daftari, kinasasauti, viatu vya kukanyagia mwamba, na kuijua tarehe ya mwezi. Mtafiti atakayefika wakati wa maji mafu ataambiwa, kwa adabu, arudi wiki ijayo.